Samaki wa Lobito

Stanislas alirudi kutoka kazini akicheka peke yake barabarani, na katika Lubumbashi ya mwaka 1961, Mbaluba mtu mzima kucheka peke yake barabarani lilikuwa jambo la kutia watu wasiwasi. Mado, jirani wa mkono wa kulia, alimwona akaacha kufagia. Delphine, mke wake, alimsikia tangu jikoni alikokuwa akisonga bukari, akajiuliza: haya, leo mume wangu amepatwa na nini?

"Mama Claudine! Kuya hapa mbele. Tunaenda kula samaki!"

"Samaki gani, Baba Claudine? Samaki njo hii iko mu chungu."

"Hapana ile. Samaki ya bahari. Ku Lobito!"

Delphine akauacha mwiko umesimama wima katikati ya bukari. Lobito? Kule Angola, mwisho wa reli, kwenye bandari? Alitoka mbele huku akipangusa mikono, akamkuta mume wake ameketi na viatu mkononi, macho yanang'aa. Amepewa konje, likizo ya kazi, alisema. Na pamoja na konje, reli imempa ruhusa ya kusafiri bure hadi mwisho wa njia, yeye na mtu mmoja wa nyumba yake, kwenda na kurudi. Miaka yote hii kazi yake ni kufunga milango ya mabehewa ya shaba yanayokwenda Lobito. Ameyafunga mpaka viganja vimeota sugu, na hajui yanakoishia.

"Nataka nione tu mashua inabeba kazi yangu," alisema. "Halafu tule. Tutembee, tule, turudi. Kama bazungu."

Delphine alifurahi. Tusidanganyane, alifurahi sana, maana tangu waoane hawajawahi kwenda mahali popote bila kuwa na msiba wa kuzika au mtoto wa kubatiza. Lakini furaha hiyo haikumaliza hata muda wa kula. Kwanza, mwaka wenyewe! Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, na bendera yake na askari wake. Wabaluba waliozaliwa mumo humo mjini, wajukuu wa waliojenga reli yenyewe, wakawa wanaitwa wageni na wasaliti. Unasalimiana na mtu asubuhi, jioni anageuza uso. Malori ya askari yanapita huku, magari meupe ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, yanapita kule, na kila siku kuna nyumba unaikuta imefungwa na hakuna anayejua wenyewe wameelekea wapi. Katika mwaka kama huo, nani anakwenda kutembea?

Na pili, palikuwa na Mama Hortense.

Mama Hortense ndiye aliyemzaa Delphine. Alitoka upande wa kaskazini, Manono, akaja kuishi nao mguu wake wa kushoto ulipokataa kazi. Na kwa Wabaluba, mukwe ni mukwe. Stanislas hawezi kula mbele ya mama mkwe wake, wala yeye mbele yake. Hawezi kumtazama usoni. Hawasemezani uso kwa uso, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama huyo hata nyumba ikishika moto. Kwa hiyo nyumba ilikuwa imegawanyika: sebule ya Stanislas, jikoni kwa Mama Hortense, na katikati Delphine akipeleka maneno kama posta. Msidhani walichukiana. Walipendana sana wale wawili, ila hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akitafuna.

"Delphine," mama akaita kutoka jikoni, sauti ambayo Stanislas aliisikia vizuri kabisa, "ambia bwana yako, mimi nitabaki na nani?"

"Ambia mama," Stanislas akajibu akitazama ukuta, "atabaki na Mwansa. Siku kidogo tu, tunarudi."

Mwansa alikaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu wa Kasenga, aliletewa samaki wa Luapula kwa kamio, lori la mizigo, na kuwauza sokoni, na Delphine alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo. Basi jambo likaonekana limekwisha. Ruhusa ni ya watu wawili, mama ana wa kumtunza, na samaki wanangoja.

Kesho yake Stanislas alimleta Kapya, mpishi wa behewa la chakula, aliyekuwa akifika Lobito mara kwa mara. Kapya alipewa kiti kizuri na bia, akaanza. Wee! Aliipanga safari nzima kwa tumbo. Mkishuka tu, alisema, msiende kwenye mashua, nendeni kwanza mkale mkate, kuna Mreno anauchoma alfajiri na unakuja na moto wake. Halafu bandarini, mkaone vyuma vinavyonyanyua shaba kama mtu anavyonyanyua kuku. Mchana, samaki wa makaa, mkubwa kuliko sahani, kichwa huku mkia kule, amepakwa mafuta na kitunguu saumu. Halafu ule ulimi wa mchanga unaoingia baharini, mtembee, huku bahari na huku bahari. Kuna ndege wekundu wa miguu mirefu wanasimama majini siku nzima bila kazi. Na jioni, yule mdudu.

"Mududu gani?" Stanislas akauliza.

"Ya mu maji. Nyekundu, miguu mingi, masharubu. Unavunja, unakula nyama ya ndani, unalamba vidole."

"Delphine!" ikatoka sauti jikoni. "Uliza ule bwana, huyo mududu iko na macho?"

"Iko na macho, nkambo," Kapya akamjibu bibi.

"Yesu wangu. Basi mimi nisingekula." Kifuniko cha chungu kikalia. "Uliza, iko tamu?"

Wakacheka wote, mbele na nyuma. Delphine naye alicheka, lakini alikuwa amesikia lile "nisingekula," na lilimchoma. Mama yake alikuwa anakula kwa masikio.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Asubuhi moja Stanislas alirudi na kofia ya majani ya kujikinga jua la bahari, akaivaa mbele ya kioo, akageuka huku na huku. Jioni ya siku hiyohiyo Delphine alikuta picha ya harusi yao haipo ukutani. Aliitafuta kila mahali. Ilikuwa ndani ya valizi, sanduku la safari, imefungwa katika shuka, chini ya ile kofia.

"Baba Claudine, picha ya ndoa inaenda ku Lobito kufanya nini?"

"Isije ikapata vumbi," alisema. "Kapya amekuambia? Kule wanakula supu ya samaki na wali."

Siku nyingine alimwambia achukue nguo chache tu, joto la bahari si mchezo. Kisha akamwona anafungua kichwa cha mashine ya kushona, anakipaka mafuta, anakiviringisha katika gunia. Mashine ya kushona! Nani anakwenda kula samaki na mashine ya kushona? Delphine akamuuliza, naye akasema kule labda kuna kitambaa kizuri. Akamuuliza tena, akajibu kwa habari za mkate wa Mreno. Alimjua mume wake kama pindo la kanga yake, lakini safari hii kila alipomshika aliteleza. Kutwa nzima kichwa chake kilizunguka. Akikunja nguo za matembezi, anajiona mjinga. Akikunja blanketi za baridi, anajiona mchawi, kama vile anaita balaa.

Maana hesabu yake ilikuwa moja tu, na alikuwa akiirudia huku anaosha sahani, huku anasali, huku anamkanda mama yake mguu. Kama ni kutembea, mama anabaki kwa Mwansa na hakuna neno. Kama ni kukimbia, basi yeye Delphine anamtupa mama yake mzazi, asiyeweza kutembea, katika mji ambao jina la kabila lao linatajwa kwa kusaga meno. Alihitaji kujua ni lipi kati ya hayo. Na mtu pekee anayejua alikuwa anazungumzia supu.

Kama hayo hayakutosha, majirani nao wakaja.

Mado alikuwa wa kwanza. Aliingia, akasalimia, akatazama mlango juu mpaka chini. "Mama Claudine, hii mulango mutaichia nani?"

"Mulango inabaki ku nyumba yake. Tunaenda kutembea, tunarudi."

"Njo, njo," Mado akasema kwa upole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. "Mutarudi. Nilikuwa nauliza tu. Na ile kitanda ya nyuma?"

Akafuata mzee Nkandu wa mwisho wa barabara, amevaa koti, akamshika Stanislas mkono kwa mikono miwili kama kwenye matanga. "Muende muzuri. Tulikaa vizuri nanyi." Stanislas akamwambia kwamba wanakwenda kula samaki tu. Mzee akafuta machozi. "Njo vile, mutoto wangu. Usiambie muntu."

Kadiri Delphine alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuamini. Alieleza ndege wekundu, watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Alieleza yule mdudu wa masharubu, mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba amesema uongo vizuri sana, aendelee hivyohivyo hata mpakani. Delphine alikasirika mpaka akawafungia mlango. Kisha akakaa nyuma ya mlango huo, akawaza: watu wote hawa wana wazimu, au ni mimi peke yangu nisiyejua?

Lakini aliyemmaliza ni Mwansa.

Kati ya nyumba ya Mwansa na nyumba ya Delphine lilitembea beseni moja la bati lenye maua mekundu. Mwansa akipata mzigo mzuri kutoka Kasenga, analijaza samaki na kulivusha barabara. Delphine analirudisha na maharagwe. Linakuja na karanga, linarudi na majani ya sombe. Miaka yote hiyo halikuwahi kuvuka barabara tupu, wala hakuna aliyekumbuka tena lilikuwa la nani. Kumrudishia mwenzako chombo kitupu ni kumwambia kwamba tumemalizana.

Jumamosi moja asubuhi, safari ikiwa kesho yake, Mwansa alisimama mlangoni na beseni mkononi. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu mpaka linametameta. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Delphine alilitazama. Alitia hata mkono ndani, kana kwamba macho yanamdanganya. "Mwansa, hii iko nini?"

"Beseni yako, dada."

"Naona iko beseni. Iko tupu!"

Mwansa akaanza kulia pale pale, na hakuwa mwanamke wa kulialia. "Nitaweka nini? Nikiweka samaki leo, utanirudishia lini?"

"Siku kidogo tu! Na mama anabaki kwako, si nilikuambia?"

"Mama nitamuchunga, naapa. Nitamuchunga kama wangu, mpaka Mungu amuite." Aliposikia maneno yake mwenyewe, aliweka mkono mdomoni, akavuka barabara mbio.

Delphine alibaki amelikumbatia lile beseni. Mpaka Mungu amuite! Mtu hachungi mama wa mwenzake mpaka Mungu amuite kwa safari ya kula samaki. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akaliweka beseni juu ya meza mbele ya mume wake, akasimama.

"Baba Claudine. Leo usiniambie mukate. Tunaenda kutembea ao tunakimbia?"

Stanislas alilitazama beseni tupu. Hakuhitaji kuelezwa, na yeye alikuwa ameishi kwenye barabara ile. 

"Sijue," alisema.

"Unasema nini?"

"Sijue, Mama Claudine! Siku ya kwanza, naapa mbele ya Mungu, nilitaka samaki tu. Nione bahari, nikule, nirudi ku kazi. Halafu bantu bakaanza kuniaga. Ule mzee Nkandu ananililia. Nikasema, labda bao banajua kintu mimi sijue. Nikaweka picha. Nikaweka mashini. Halafu nikaona mashini mu valizi, nikaogopa, nikarudilia samaki." Akafunika uso kwa mikono. "Nikiwaza samaki, ninalala."

Delphine alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa hakuona wa kugombana naye. Kumbe alikuwa akimbana mtu amtoe gizani, naye yumo gizani humohumo, tena amevaa kofia ya majani. Alimhurumia, akamkasirikia, akataka kucheka, yote kwa pamoja. Alirudi jikoni.

Mama Hortense alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mbaya ameunyoosha, anachambua maharagwe. Bila shaka alikuwa amesikia kila kitu. Ukuta ule haukuzuia hata pumzi.

"Mimi nitabaki," alisema bila kuulizwa. "Mwansa anapika muzuri kukushinda wewe. Enda na bwana yako. Ukule ule mududu, uniambie."

Delphine akachuchumaa mbele yake, akaushika ule mguu. Akaanza tena hesabu yake ya kila siku: kama ni kutembea, kama ni kukimbia. Na safari hii, sijui ni kwa sababu alikuwa amechoka kuihesabu, aliiona kwa upande wake wa pili. Kama ni kukimbia, nani asiyeweza kukimbia hapa nyumbani? Mambo yakiharibika, yeye atapanda kamio ya samaki ya Mwansa na kwenda Kasenga kwa binti yao Claudine, aliyeolewa huko. Ana miguu. Mama hawezi kupanda kamio, lakini treni ina ngazi, na mkono wa mtu wa kumvuta. Na kama ni kutembea, basi nani katika nyumba hii hajawahi kuona kitu cha kumfurahisha tangu azaliwe? Njia zote mbili zilikuwa na jibu moja. Hakuhitaji tena kujua!

"Mama," alisema, "wewe njo utaenda."

Kishindo kilichotoka sebuleni kilikuwa cha kiti. Stanislas alitokea hadi mlango wa jikoni, mahali asipokanyaga kamwe mama mkwe akiwamo, akakumbuka, akageuza uso ukutani.

"Mama mukwe? Na mimi? Mu behewa moja? Delphine, una akili? Nitakula wapi?"

"Utakula ku korido. Kapya iko, atakupa."

"Na akilala? Nitaangalia wapi?"

"Angalia dirisha. Si ulisema unataka kuona inchi? Karatasi inasema mutu mumoja wa nyumba yako. Mama si wa nyumba yako?"

"Ambia bwana yako," Mama Hortense akasema polepole, "na mimi ninaona haya kama yeye."

Halafu akamtazama binti yake kwa muda mrefu, macho yake ya kizee yamejaa maji, na hakubisha. Delphine alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa siku nzima, maana mama yake hubisha hata na sala. Hakubisha. Hilo peke yake lilimtia hofu, lakini alikuwa na vitu vya kufunga.

Jumapili, kwenye gare, stesheni ya treni, palikuwa na baridi kavu ya mwezi wa saba na watu wamejaa na mizigo. Kapya, katika koti lake jeupe, alimbeba Mama Hortense juu ya ngazi kama bibi harusi, naye mama akampiga kofi la bega, eti ana mikono baridi. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha Pasaka cha binti yake. Mkaguzi alisoma karatasi, akamtazama kikongwe, akamtazama Stanislas, akapiga muhuri.

Mama Hortense alikaa dirishani. Stanislas alisimama kwenye korido na kapu la chakula mkononi na mgongo umegeuzwa, kofia ya majani kichwani, ameinamisha shingo. Delphine alisimama chini, uso wake usawa wa magoti ya mama.

"Ambia bwana yako," mama akasema kupitia dirishani, "asisahau ule mududu. Mimi nitalamba vidole tu."

"Baba Claudine, mama anasema usisahau mududu!"

"Ambia mama, nimesikia," alijibu yule mgongo.

Filimbi ikalia. Behewa likashtuka. Delphine akashika ukingo wa dirisha, akaanza kutembea nalo, na hapo ndipo alipoona mabega ya mume wake yanatetemeka. Alikuwa akilia, akijificha kwa wote wawili.

"Stanislas," alisema Mama Hortense.

Delphine alisikia vizuri. Alifikiri ni mtu mwingine amesema. Lakini mama yake alikuwa amegeuka kutoka dirishani, anamtazama mkwe wake mgongoni, na mkono ameunyoosha.

"Stanislas, mutoto wangu. Acha kusimama vile. Kuya ukae hapa karibu na mimi, tukule."

Stanislas aligeuka. Alimtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akaketi kando yake goti kwa goti. Mama Hortense akafungua kapu magotini mwake, akamega bukari, akamtia mkononi. Naye akala. Akatafuna mbele yake, machozi yanadondoka, na yeye mama akamega tonge lake, akala mbele yake.

Basi Delphine akajua. Kitu ambacho mume wake hakuweza kumwambia, mama yake alikuwa amekisema waziwazi. Mwanamke yule asingeuvunja mwiko wa mkwe kwa ajili ya matembezi, wala kwa samaki wote wa bahari. Alikuwa anamfanya mtoto wake, kwa sababu hakutegemea kuwa na mwingine karibu siku za kufa kwake. Delphine alitaka kupiga kelele, treni isimame, ashushwe au apandishwe, lakini vidole vyake vilikuwa vimeachia dirisha na behewa la mwisho lilikuwa linapita.

Alirudi nyumbani kwa miguu, huku akilia kwa sauti na bila kujali nani anamtazama. Mlango ulikuwapo bado. Juu ya meza beseni lilikuwa vilevile, tupu, linametameta. Delphine alilipeleka jikoni, akalijaza yale maharagwe aliyoyachambua mama yake, mpaka juu, mpaka yakaanza kumwagika, akavuka nalo barabara.

Mwansa alifungua mlango, akabaki mdomo wazi. "Dada! Hukuenda?"

Delphine akamtia beseni mikononi.

"Sitaki ikae sana," alisema. "Ninaingoja."